Veterani mwenye jeraha la ubongo: maswali ambayo familia zetu hapa Marekani zinauliza kila siku

Haya ni maswali yanayorudiwa kila mara na familia zetu zenye mtu aliyetumikia jeshi la Marekani akarudi na jeraha la ubongo. Wapo Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi, wengine walijiunga wakiwa na grinkadi na wengine waliingia kupitia MAVNI, ule mpango ulioanza 2009 kuchukua wageni wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwemo, mpaka ukasimamishwa 2016. Nimeanza na ya msingi, yale magumu yako mwisho, na jibu likikutuma swali lingine nenda kasome huko. Msimamo wangu nausema mapema: matibabu ya utengamao, yaani ya kumrudishia mtu uwezo wake wa kila siku, yanashika pale watu wa nyumbani wanapohesabiwa kuwa sehemu ya timu, kwa hiyo majibu mengi hapa yanahusu namna ya kuhakikisha mnahesabiwa.

## Ya msingi

Hana kovu hata moja, hilo jeraha la ubongo liko wapi?

Liko ndani na mara nyingi halionekani hata kwenye skani. Bomu likilipuka karibu, au gari likipinduka, ubongo unatikisika ndani ya fuvu na zile nyuzi nyembamba zinazobeba taarifa zinavutika, zingine zinakatika. Skani ya CT ni nzuri kuonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, ila nyuzi zilizovutika haioni, ndo maana mtu anaambiwa "picha iko safi" halafu akifika nyumbani hawezi kufuata maongezi ya watu watatu mezani.

Na hayuko peke yake. Tangu mwaka 2000 jeshi la Marekani limeandika zaidi ya wanajeshi 400,000 waliopata jeraha la ubongo, na zaidi ya asilimia 80 ni yale wanayoita madogo. Mnakumbuka Januari 2020 Iran iliporusha makombora kambi ya Al Asad kule Iraq? Siku ya kwanza ilitangazwa hakuna aliyeumia, baadaye wakahesabiwa zaidi ya 100 wenye jeraha la ubongo. Dalili zilijitokeza taratibu, siku na wiki zikipita, na hivyo ndivyo jeraha hili lilivyo kwa watu wengi.

Daktari ameandika ni "dogo", mbona maisha yake yameharibika?

Neno dogo linapima kilichotokea siku ile ya kuumia, halipimi maisha yake ya leo. Alipoteza fahamu chini ya nusu saa, kuchanganyikiwa hakukuzidi saa 24, ile alama ya Glasgow, kipimo cha kiwango cha fahamu, ilikuwa kati ya 13 na 15, basi linaandikwa dogo. Alama ikiwa 9 hadi 12 ni la kati, 8 kushuka ni kubwa. Wengi wenye jeraha dogo wanapona ndani ya wiki au miezi michache, ila wapo wanaobaki na kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi kupaa na kusahau, hasa kama alitikiswa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo msikubali hilo neno litumike kufunga mjadala.

Hii si PTSD tu, yaani mshtuko wa akili unaobaki baada ya mambo ya kutisha?

Inaweza kuwa vyote viwili na kwa maveterani mara nyingi ni vyote viwili, maana bomu lililotikisa ubongo ndo lilelile lililoua rafiki yake. Hasira, kukosa usingizi, kushindwa kutulia, vinatokana na huku na kule. Habari njema ni kwamba huhitaji kujua asilimia ngapi ni nini ndipo aanze kutibiwa, tiba za maongezi za PTSD zinasaidia hata aliyewahi kuumia ubongo. Akiambiwa "tumalize kwanza hili ndo tuje hili", ulizeni kwa nini visiende pamoja.

Mama yake kule nyumbani anasema amerogwa, tumjibu nini?

Msigombane naye. Mama anaona mwanawe mpole amegeuka mtu mwingine na anatafuta sababu, kwa hiyo mpeni sababu: mwambieni bomu lilitikisa kichwa, sehemu ya ubongo inayozuia hasira na kukumbuka mambo iliumia, na kuna mazoezi ya kuirudisha. Wakitaka kumwombea waombe. Kitu kimoja tu msiyumbe, dawa zake zisisimamishwe, hasa za degedege, maana ukikata ghafla unaweza kumpoteza.

## Kupata matibabu

Tuanzie wapi?

Kama hajajiandikisha VA, ile wizara ya Marekani inayohudumia maveterani, fomu ni 10-10EZ, inajazwa mtandaoni, kwa simu au mkononi. Waliopigana vitani na kutoka jeshini kuanzia Oktoba 2013 wana miaka 10 ya kujiandikisha kwa urahisi tangu tarehe ya kutoka. Akishaingia kwenye mfumo, kama alitumika Iraq au Afghanistan atafanyiwa uchunguzi mfupi wa jeraha la ubongo, VA wameufanya kwa maveterani wote wa vita hizo tangu 2007: je ulikuwa karibu na mlipuko au ajali, je ulipoteza fahamu au uliona nyota, je dalili zilianza pale, je bado zipo. Akijibu ndiyo kwenye hayo anapelekwa kwenye tathmini kamili.

Hapo ndo wanaume wetu wanapoharibu. Anaulizwa unaendeleaje anajibu "niko sawa", kajifunza hivyo jeshini na kajifunza hivyo nyumbani, anatoka na karatasi safi. Nenda naye. Kabla ya kwenda andika kwenye simu mambo ya wiki mbili, na tarehe: Jumatatu kaacha jiko linawaka, Alhamisi kapotea njia ya kutoka kazini, Jumamosi kalala saa mbili tu. Ukisema "anasahau sahau" daktari ataandika sentensi moja, ukimsomea orodha ataandika ukurasa.

Polytrauma ni nini, ni hospitali?

Ni mtandao wa VA ulioanzishwa 2005 baada ya kuona wanajeshi wanarudi na majeraha mengi kwa pamoja, ubongo, miguu, macho, masikio. Vituo vikubwa ni vitano: Minneapolis, Palo Alto, Richmond, San Antonio na Tampa. Huko ndo wanalazwa wenye majeraha makubwa, na kuna programu za kuishi pale pale ukifundishwa upya kupika, kupanda basi, kushika ratiba ya kazi kabla ya kurudi mtaani. Wengine wote wanatibiwa kwenye timu ndogo zilizo kwenye hospitali nyingi za VA. Huna haja ya kukaa Tampa, ila kama mtu wako hali yake ni nzito na hospitali ya karibu inababaisha, ombeni kwa maandishi apelekwe kimoja ya vile vitano.

Kwenye timu kuna nani, na wanafanya nini hasa?

Daktari wa utengamao ndo anaongoza. Mtu wa fiziotherapia anashughulikia nguvu, mwili kusimama bila kuyumba, na kizunguzungu (kuna kizunguzungu kinachotokana na vijiwe vidogo ndani ya sikio, kinatibiwa kwa kulazwa na kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalum, wakati mwingine siku hiyohiyo, na kuna watu wamekaa nacho miaka). Mtaalamu wa matamshi na lugha hashughulikii kuongea tu, ndiye anayefundisha mbinu za kumbukumbu na kupanga mawazo. Msaikolojia wa ubongo anapima kipi kimeumia na kipi kiko imara, mtu wa ustawi wa jamii anashika makaratasi na familia.

Halafu kuna mtaalamu wa tiba kazi, anayemfundisha mtu upya shughuli za kila siku, na huyu wengi wanamdharau mpaka wamwone akifanya kazi. Kuna dada mmoja alimwambia mtaalamu wa mumewe, yeye hapiki pasta, mwacheni apike chapati. Wakamletea unga, mafuta, maji ya uvuguvugu, kikaango. Kukanda alikanda vizuri kabisa, mikono inakumbuka. Alipofika kukata madonge akasimama, akawasha jiko, akarudi kusukuma, kikaango kikaanza kutoa moshi nyuma yake na hakugeuka. Pale mtaalamu akaona kitu ambacho maswali ya karatasi hayakuonyesha, tatizo halikuwa kumbukumbu, ni kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Wakampangia: chapati zote zisukumwe ziishe ndo jiko liwashwe, na taima ya simu ilie kila baada ya dakika mbili. Kwa hiyo semeni mnakula nini, mnaishi vipi, mnasali wapi, mazoezi yajengwe juu ya hayo.

Tiba inachukua muda gani?

Maendeleo ya haraka yanaonekana miezi ya mwanzo, wengi wanasema sita hadi mwaka, lakini yule anayewaambia "baada ya mwaka hakuna kitu tena" msimsikilize. VA wanashirikiana na mradi wa kitaifa unaofuatilia watu wenye jeraha la kati na kubwa mwaka wa 1, wa 2, wa 5, halafu kila miaka mitano, na kinachoonekana ni kwamba watu wanaendelea kubadilika kwa miaka mingi, wengine wanapanda wengine wanashuka. Maana yake ni kwamba huyu anahitaji kuangaliwa tena hata baada ya kuruhusiwa. Miaka ikipita na kitu kikibadilika, kazi mpya, mtoto mpya, kumbukumbu kuzorota, rudini mkaombe tathmini nyingine.

Kiingereza changu si kizuri, mtoto anitafsirie?

Hapana, tafadhali. Mtoto wa miaka 12 hapaswi kutafsiri kwamba baba yake anataka kujiua au ana matatizo chumbani. Ombeni mkalimani mnapoweka apointimenti, sio siku yenyewe, wengi wanapatikana kwa simu. Mkipewa wa Kiswahili cha Dar na nyie ni wa Bukavu na hamuelewani, semeni mbadilishiwe.

Apointimenti ni baada ya miezi miwili, tufanyeje?

Kuna sheria ya 2018 inaitwa MISSION Act. Kama daktari bingwa wa VA yuko zaidi ya dakika 60 kwa gari au foleni imezidi siku 28, veterani anaweza kuomba atibiwe hospitali ya nje VA walipe. Afya ya akili na daktari wa kawaida ni dakika 30 au siku 20. Ila angalizo, fiziotherapia wa mtaani anaweza kuwa hodari wa magoti na hajawahi kushika mtu wa mlipuko, kwa hiyo ulizeni uzoefu kabla ya kukubali, na hakikisheni ripoti zinarudi VA, zikipotea njiani mnaanza moja.

## Nyumbani

Anasahau kila kitu, tumkumbushe mpaka lini?

Lengo ni vitu vimkumbushe, wewe upumzike. Kalenda moja tu, kwenye simu, yenye mlio. Mkiwa na tatu hatafuata hata moja. Funguo, pochi na dawa mahali pamoja karibu na mlango, siku zote. Maagizo moja moja, sio "nenda dukani, upite kwa mjomba, uchukue mtoto". Supamaketi nendeni asubuhi kabla haijajaa, zile taa na kelele zinammaliza kabisa, miwani ya kivuli na kofia visaidie ila ndani ya nyumba asizoee miwani ya giza muda wote, macho yanazidi kushindwa kuvumilia mwanga.

Hasira zinakuja ghafla, watoto wanaogopa.

Angalieni kilichotangulia: njaa, kelele, uchovu, kukatizwa akiwa anafanya kitu. Mara nyingi kuna saa maalum ya siku, kwa wengi ni jioni ubongo umechoka. Kubalianeni neno moja akilisema anaondoka chumbani na hakuna anayemfuata. Watoto waelezwe kwa lugha yao kwamba kichwa cha baba kiliumia na si kosa lao. Ila akipiga mtu au akishika silaha, ondokeni kwanza mkiwa salama, mazungumzo baadaye. Jeraha linaeleza hasira, haliwapi wajibu wa kukaa mpigwe.

Vet Centers, ziko kama 300 nchi nzima, zinatoa ushauri bure kwa veterani na familia, na maongezi ya pale yana faili lake tofauti na la hospitali.

Anaweza kuendesha gari?

Msiamue wenyewe sebuleni. VA wana wataalamu wa kupima udereva, wanamkalisha kwenye mashine kisha barabarani. Kama amepata degedege kila jimbo lina sheria yake ya muda wa kukaa bila kuendesha.

Vidonge vya kulala na pombe je?

Pombe ubongo ulioumia haiwezi, inamlevya haraka, inaharibu usingizi na inaita degedege. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepam vinaongeza kusahau na kuanguka, muulizeni daktari njia mbadala, kuna tiba ya usingizi ya mazungumzo isiyo na vidonge. Na apimwe kukatika pumzi usiku kama anakoroma, wengi wanalo na hawajui. Vilevile dawa za maumivu za dukani zikimezwa karibu kila siku zenyewe zinaleta kichwa kuuma.

Nimechoka mimi sasa, nani ananiangalia mimi?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, na ndilo ningependa liulizwe la kwanza. Kuna programu ya VA ya walezi wa familia, ilitokana na sheria ya 2010 ikianza na wa baada ya Septemba 2001, na kuanzia Oktoba 2022 iko wazi kwa maveterani wa vipindi vyote. Veterani anatakiwa awe na asilimia 70 au zaidi ya ulemavu uliotokana na utumishi, na ahitaji kuhudumiwa ana kwa ana kwa angalau miezi 6. Fomu ni 10-10CG. Mlezi mkuu anapata posho ya kila mwezi, mafunzo, ushauri, bima kama hana, na siku zisizopungua 30 kwa mwaka za kupumzika huku mtu mwingine akimhudumia mgonjwa. Si lazima uwe mke, mama, kaka, hata rafiki anayeishi naye anaweza. Asilimia hazijafika 70? Kuna programu ya jumla, haina posho ila mafunzo na ushauri yapo.

Kwenye maombi wanauliza unamsaidia nini. Wanawake wetu wanaandika "namsaidia kawaida". Andika kila kitu: namkumbusha kuoga, nasimama mlangoni asianguke, naamka usiku mara tatu.

Amesema bora angekufa kule.

Mchukulie kweli. Piga 988 kisha bonyeza 1, saa 24, ni laini ya maveterani na hata wewe ndugu unaweza kupiga. Tangu Januari 2023 veterani aliye kwenye hatari ya kujiua anaweza kwenda hospitali yoyote, ya VA au ya nje, akatibiwa bure, hata kama hajajiandikisha VA. Silaha zitoke nyumbani au zifungwe na ufunguo ukae kwa mtu mwingine, hili lifanyike leo.

## Fidia na makaratasi

Fidia ya jeraha la ubongo inapimwaje?

Wanaangalia maeneo 10, kumbukumbu, maamuzi, tabia mbele za watu, kujua uko wapi, na mengine, na eneo lililo baya kuliko yote ndilo linaloamua: 0, 10, 40, 70 au asilimia 100. Tathmini ya kwanza lazima ifanywe na bingwa, wa utengamao, wa mishipa ya fahamu, mpasuaji wa ubongo au wa akili. Kabla hata hamjakusanya ushahidi wote pelekeni taarifa ya nia ya kudai, inawapa mwaka mzima wa kukamilisha na tarehe ya malipo inahesabiwa tangu siku ile.

Wengi wanapitwa na hili: kuna magonjwa ambayo VA wanakubali yametokana na jeraha bila mabishano marefu, kama Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka), degedege, aina fulani za dimensha (akili na kumbukumbu kupotea), sonona na matatizo ya tezi, kulingana na ukubwa wa jeraha na muda uliopita. Baba kaanza kutetemeka mkono miaka mingi baadaye? Dai jipya lipelekwe.

Kuna jamaa anataka alipwe atujazie madai.

Dai la mwanzo hakuna anayeruhusiwa kukutoza. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina watu waliosajiliwa wanaofanya bure.

## Yale magumu

Alitolewa jeshini kwa utovu wa nidhamu, ana haki yoyote?

Msikate tamaa. Mtu akiumia ubongo anachelewa zamu, anabishana, anakunywa, kisha anafukuzwa kwa tabia zilizosababishwa na jeraha lenyewe. Mwongozo wa wizara ya ulinzi wa 2017 unazitaka bodi zinazopitia rufaa ziangalie kwa huruma kesi zenye jeraha la ubongo au PTSD. Leteni barua za waliomjua kabla na baada.

Hakuwahi kulipuliwa, alikuwa kwenye mizinga tu.

Hata mshindo wa silaha zenu wenyewe unatikisa ubongo. Watafiti wa chuo kikuu cha tiba cha jeshi kule Bethesda walichapisha 2016 aina ya makovu waliyoyaona kwenye ubongo wa wanajeshi waliokaa na milipuko, na 2024 wizara ya ulinzi ikatoa maagizo ya kupunguza mshindo huo mazoezini. Mwambieni daktari alifyatua nini, mara ngapi, kwa miaka mingapi. Asipoulizwa aseme mwenyewe.

Chumba cha oksijeni, kile cha kuvuta oksijeni kwa shinikizo, kinaponya? Tumeambiwa tulipe wenyewe.

Kwa dalili za jeraha dogo, mwongozo wa VA na wizara ya ulinzi wa 2021 unashauri kisitumike. Hizo pesa zitunzeni.

Bado hajaamka vizuri, wanataka kumpeleka nyumba ya wazee.

Vile vituo vitano vina programu maalum ya walio na fahamu hafifu. Ombeni apimwe huko kabla hamjasaini kitu. Bob Woodruff, mwandishi wa ABC aliyelipuliwa Iraq Januari 2006, alikaa zaidi ya mwezi hana fahamu na alirudi kazini. Si kila mtu atafika pale, lakini apewe nafasi.

Kama wewe ungeamua, nini kibadilike?

Kila mgonjwa awe na mtu mmoja anayeshika faili lake kwa miaka, sio anayebadilika kila miezi minne mke akaanza kusimulia upya. Malengo ya tiba yaandikwe na familia ikiwepo. Angalau mara moja mtaalamu amwone nyumbani kwake, penye watoto na televisheni, maana kwenye chumba kimya cha kliniki kila mtu anafaulu. Na baada ya kuruhusiwa apigiwe simu kila mwaka, wasingoje apige yeye, huyu ni mtu anayesahau!

Tunataka kurudi kuishi Mombasa, tutapoteza kila kitu?

Fidia inaendelea kulipwa popote. Kuna Foreign Medical Program, VA wanalipia matibabu nje ya Marekani kwa ugonjwa uliothibitishwa kutokana na utumishi, kwa hiyo kabla ya kuondoka hakikisheni jeraha la ubongo na matawi yake yote, kichwa, degedege, sonona, yameandikwa kwenye barua ya VA, lisiloandikwa halilipiwi. Posho ya mlezi inasimama ukihama. Bebeni dawa za kutosha, nakala za skani kwenye diski, ripoti ya msaikolojia, na mtafute fiziotherapia kabla hamjafika, wa matamshi na lugha ni wachache kwetu, sesheni za video na yule wa huku mjaribu kuzipanga mapema.

Kaka yangu alikuwa na KDF, jeshi la Kenya, kule Somalia, haya yanamhusu?

Malipo ya VA hapana, ni ya waliotumikia jeshi la Marekani. Ila ubongo ni uleule, iwe KDF, UPDF ya Uganda au jeshi la Burundi, na mabomu ya Al-Shabaab yanatikisa vilevile. Mpelekeni hospitali ya jeshi na ile orodha yenye tarehe (tazama "Tuanzie wapi"), ombeni rufaa ya fiziotherapia na tiba kazi kwa maandishi, na jina la operesheni, tarehe ya mlipuko na majina ya waliokuwa naye kwenye gari yaandikwe sasa hivi wakati bado kuna anayekumbuka.